Nyaya Mbili, Vyanzo Viwili: Mpango wa Umeme wa Akiba kwa Mitambo ya Mtandao

Mada iliyowasilishwa na Ofisa TEHAMA wa Halmashauri mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata na wananchi waalikwa, wakati wa maandalizi ya bajeti. Tunaichapisha kwa ukamilifu.



Nimeitwa kujibu swali. Katika kikao kilichopita mjumbe mmoja aliuliza kwa nini Kitengo cha TEHAMA kinaomba fedha za betri, nyaya na vifaa vya kulisha umeme, ilhali madawati hayajatosha na vivuko viwili vinasubiri karavati. Lilikuwa swali la haki, na aliyeliuliza anastahili jibu lenye hesabu ndani yake. Nitajitahidi kulitoa bila kuwachosha kwa maneno ya kifundi, ingawa machache hayakwepeki.

Nianze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Mtu anafika kituo cha afya asubuhi, kadi ya bima mkononi. Karani anamwambia: "Mtandao hakuna, subiri." Taa zimekatika nusu saa iliyopita. Daktari yupo, dawa ipo, mgonjwa yupo, lakini kadi haihakikiwi, namba ya malipo haitoki, na mfumo wa GoTHOMIS unaotunza kumbukumbu za matibabu haufunguki. Wenye fedha taslimu nao hawalipi, kwa kuwa malipo ya Serikali hupitia namba hiyo hiyo. Basi watu hukaa kwenye benchi. Anayetoka kijiji cha mbali huhesabu nauli ya bodaboda ya kurudi kesho.

Zamani umeme ukikatika tulipoteza mwanga tu. Leo tunapoteza dirisha la huduma. Hilo ndilo badiliko ambalo bajeti zetu hazijalifuata. Tulihamisha risiti, leseni za biashara, vibali, kumbukumbu za wagonjwa na hata ununuzi wa kalamu kuviingiza kwenye mifumo, jambo jema lililopunguza mianya mingi. Lakini mifumo hiyo yote hupita katika kisanduku kimoja kidogo kilichotundikwa ukutani, mara nyingi nyuma ya mlango wa stoo, na kisanduku hicho hula umeme.

Kisanduku hicho huitwa swichi. Neno hili lisituchanganye: sisemi juu ya swichi ya kuwashia taa. Swichi ya mtandao ni mtambo wenye matundu mengi, 8, 24 au 48, na kila tundu hupokea waya unaotoka kwenye kompyuta, kamera, simu ya mezani au kifaa cha waifai. Kazi yake ni kama ya msimamizi wa stendi: kila mzigo unaofika hutazama unakokwenda, kisha huupakia kwenye gari linalostahili. Stendi ikifungwa, magari yanaweza kuwa mazima na yenye mafuta, lakini hakuna safari. Kompyuta ya karani inaweza kuwa na betri yake, na mnara wa simu kule kilimani ukawa hewani, lakini swichi ikizimika hawaonani.

Ndani ya kila swichi kuna sehemu inayopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaofaa kwa mitambo hiyo. Mafundi huiita pawa saplai. Swichi ndogo huwa nayo moja tu, tena nyingine hutumia adapta ya nje kama ya kuchajia simu, yenye kichwa kinachochomoka mtu akipita na ufagio. Swichi kubwa, kama ile ya makao makuu ya Halmashauri inayobeba kata zote, huwa na nafasi ya pawa saplai mbili, kila moja na waya wake. Zikiwa nzima zote, hugawana mzigo. Moja ikifa, ya pili hubeba mzigo wote papo hapo, na mtumiaji hatambui lolote.

Wahenga walituonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Katika kazi yetu tunashika mbili kwa sababu tunajua kwamba moja itaponyoka, ila hatujui lini.

Sasa nifike penye kiini. Wengi hudhani kwamba ukishanunua swichi yenye pawa saplai mbili, kazi imekwisha. Nimeona mitambo ya gharama kubwa yenye pawa saplai mbili ambazo nyaya zake zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni hiyo kwenye soketi moja. Huo ni umeme mmoja uliopitishwa njia mbili kwa urefu wa mita moja. Mtu akijikwaa kwenye ekstensheni, zote mbili zinakufa. Ndiyo maana swali la kwanza katika mpango wowote wa umeme wa akiba huhusu nyaya hizi mbili: ukizifuata kinyumenyume hadi chanzo, zinakutana wapi?

Tufanye safari hiyo ya kinyumenyume. Zikikutana kwenye soketi, akiba yako inaishia kwenye soketi. Zikiwa na soketi mbili zilizo chini ya sakiti breka moja, birika la umeme la ofisi ya jirani likiangusha breka hiyo, zote zimezimika. Zikiwa na breka mbili lakini mita moja ya LUKU, siku yuniti zitakapoisha zitaisha kwa zote mbili. Mnacheka, lakini katika majengo ya umma hili hutokea, hasa mwisho wa wiki, ambapo mwenye jukumu la kununua yuniti hayupo kazini. Na zikitoka kwenye mita mbili lakini transfoma moja, basi tawi la mwembe likiangukia waya wa barabarani, mita mbili hazisaidii kitu.

Mahali pa kusimama katika safari hiyo ni uamuzi wa fedha. Hakuna anayeweza kutenganisha kila kitu hadi Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Na nilitaje bwawa hilo kwa sababu wananchi huniuliza: kama tunazo megawati 2,115 pale, betri za nini? Ni kweli kwamba mgao wa mwaka 2023 ulitokana na upungufu wa uzalishaji, na kwamba mtambo wa kwanza wa bwawa ulipoanza Februari 2024 hali ilianza kuwa nafuu. Lakini umeme unaokatika hapa kwetu mara nyingi hukatikia njiani: nguzo imelala baada ya mvua, fyuzi ya transfoma imeungua, radi imepiga laini, mafundi wanafanya matengenezo. Umeme unaweza kuwa mwingi Rufiji na usifike dirishani kwetu.

Kwa makao makuu, mpango tunaoupendekeza ni huu. Jengo lina umeme wa fezi tatu. Mnajua jinsi inavyotokea nusu ya jengo ikawa giza na nusu ikawa na mwanga: fezi moja imepotea. Basi waya wa kwanza wa swichi kuu utatoka kwenye fezi moja, kupitia kisanduku chake cha betri, kile ambacho wengi hukiita yupiesi. Waya wa pili utatoka kwenye fezi nyingine, kupitia yupiesi ya pili. Jenereta litalisha pande zote mbili umeme wa gridi ukikatika kabisa. Kwa hiyo fezi ikipotea, yupiesi ikifa, breka ikianguka au pawa saplai ikiungua, upande mmoja unabaki.

Mtauliza: kwa nini yupiesi mbili na si moja kubwa? Kwa sababu yupiesi yenyewe ni mtambo, nayo hufa. Betri yake huchoka bila kusema. Inapokufa, mara nyingi huzima kila kilichochomekwa ndani yake hata kama umeme wa TANESCO upo na unatosha. Nyaya zote mbili zikiwa kwenye yupiesi moja, tumenunua ulinzi dhidi ya TANESCO na kujifunga kwa fundi wa betri. Mahali ambapo fedha za yupiesi ya pili hazipo, ni afadhali waya mmoja uende kwenye yupiesi na wa pili uende moja kwa moja ukutani kupitia kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme. Hapo yupiesi ikifa mchana umeme ukiwapo, huduma inaendelea. Ni mpango wa maskini, lakini ni mpango wa kweli.

Naomba sasa mnivumilie kwa hesabu, kwa sababu hapa ndipo taasisi nyingi hujidanganya. Chukueni mfano wa yupiesi mbili, kila moja ikiwa imebeba asilimia 60 ya uwezo wake. Ukizitazama, zote zina nafasi, na mhasibu atasema hatuhitaji kubwa zaidi. Lakini siku moja itakapokufa, mzigo wake wote utahamia kwa mwenzake: 60 na 60 ni 120. Iliyobaki itazidiwa na kuzima nayo, pengine ndani ya sekunde chache. Tutakuwa tumenunua mbili na kupoteza mbili kwa ajali moja. Kila upande lazima uweze kubeba mzigo wote peke yake. Kwa hiyo katika siku za kawaida usizidi nusu, na kwa busara uwe karibu asilimia 40, kwa kuwa kila mwaka huongezeka kamera hapa na simu pale.

Hesabu hiyo hiyo iko ndani ya swichi yenyewe. Swichi nyingi za sasa hupeleka umeme kwa kamera na simu kupitia waya ule ule wa mtandao, kila tundu likiweza kutoa hadi wati 15.4 kwa kiwango cha kawaida. Matundu 48 yakitumika yote kwa kiwango hicho ni wati 739. Ongeza matumizi ya swichi yenyewe, tuseme wati 100. Jumla ni 839. Muuzaji atakuletea pawa saplai mbili za wati 715 na kukwambia una wati 1,430, umetosheka. Umetosheka zikiwa mbili. Moja ikifa, 715 haziwezi kubeba 839, na swichi itaanza kuzima simu na kamera ili ijiokoe yenyewe. Kwa mzigo huo, ile ya pili haikuwa akiba hata siku moja. Ilikuwa sehemu ya chakula cha kila siku. Kwa hiyo kabla ya kununua tutaorodhesha vifaa vilivyopo, kila kimoja na wati zake halisi, na kuhakikisha kwamba pawa saplai moja inavitosha vyote. Orodha hiyo ni kazi ya siku mbili na haigharimu chochote.

Kituo cha afya ni habari nyingine. Swichi yake ni ndogo, ina pawa saplai moja, na kununua kubwa yenye mbili kwa kompyuta tisa ni kutumia kinu kusagia pilipili moja. Hapo tunashughulikia muda. Swichi, ruta, kisanduku kinachopokea waya wa nyuzi za mwanga, na vifaa vitatu vya waifai, vyote kwa pamoja hula kadiri ya wati 120. Ni kidogo mno. Taa chache za zamani zilikula zaidi. Yupiesi ya kawaida ya mezani yenye betri mbili ndogo za volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 168 kwa maandishi, lakini ukizingatia umeme unaopotea na betri isiyopaswa kukaushwa, zinazotumika ni kama nusu. Hizo ni dakika 40 hivi. Zinatosha kusubiri umeme wa kukatika na kurudi. Hazitoshi asubuhi ya kliniki.

Tukitaka saa nne, tunahitaji wati-saa 480. Betri moja ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri za risasi hudumu zaidi tukitumia nusu tu ya uwezo wake, yaani 600; toa zinazopotea kwenye inveta, zinabaki kama 510. Gawanya kwa 120: saa nne na dakika chache. Betri moja, inveta ndogo, paneli ya kuichaji. Hicho ndicho tunachokiomba kwa kituo. Bei sizitaji hapa, kwa sababu wazabuni watashindana kupitia mfumo wa NeST na si vyema niwatangulizie bei; ila yeyote kati yenu aliyefunga sola nyumbani anajua tunazungumzia kiasi gani.

Hesabu hiyo ina adui mmoja: mashine ya kuchapa. Mashine ya leza inapopasha moto karatasi huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo, nyingine hukaribia elfu. Mtu akiichomeka kwenye inveta ya mtandao, saa nne zinageuka dakika, au inveta inazima palepale. Simu za kuchaji nazo, moja si kitu, kumi na tano ni kitu. Kwa hiyo soketi za mpango huu zitakuwa na rangi tofauti, nyekundu, na tunaomba iwe mwiko kwa mtumishi, mgonjwa na msindikizaji kuchomeka chochote humo.

Kuna wanaosema: kituo kina jenereta, yatosha. Katika kituo kimojawapo cha tiba nilichowahi kukikagua, na ambacho sitakitaja, umeme ulikatika tukiwa pale. Jenereta liliwaka vizuri. Taa zikarudi, jokofu la chanjo likarudi, na dirisha la malipo likabaki limefungwa hadi saa nane mchana. Fundi aliapa kwamba jenereta linafanya kazi, naye alisema kweli. Kabati la mtandao lilikuwa limechomekwa kwenye soketi ya chumba kilichoongezwa baadaye, ambacho waya wake haukuunganishwa na upande wa jenereta. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzima umeme makusudi na kutazama kitakachotokea. Na hata pale jenereta lilipounganishwa sawasawa, halichukui mzigo papo hapo. Sekunde kumi au ishirini za kusubiri humtosha kila mtambo usio na betri kuzima, na swichi nyingi huchukua dakika kadhaa kuamka.

Msidhani hayo ni ya vijijini. Tarehe 8 Agosti 2016, shirika la ndege la Delta la Marekani lilipata hitilafu ya umeme katika kituo chake cha kompyuta mjini Atlanta. Umeme wa akiba ulikuwapo. Baadaye shirika lenyewe lilieleza kwamba kati ya vifaa kama 7,000, takriban 300 havikuwa vimeunganishwa na umeme huo wa akiba. Ndege zaidi ya 2,000 zilifutwa ndani ya siku tatu, na hasara ilitajwa kuwa dola milioni 150. Vifaa 300 kati ya 7,000 ni chini ya asilimia 5. Nyaya tu.

Kwa sababu hiyo, ndani ya mpango wetu tumeweka siku za majaribio, moja kila robo mwaka. Siku hiyo tutachomoa waya mmoja wa swichi kuu tukitazama, kisha kuurudisha na kuchomoa wa pili. Kwenye kituo tutazima umeme wa ukutani na kuacha betri ifanye kazi kwa saa mbili. Wakubwa wengine huchukia wazo hili na kuuliza kwa nini tuharibu kitu kinachofanya kazi. Mimi naona ni heri mtambo uzime Jumanne saa tatu asubuhi mafundi wakiwa wameushika kuliko uzime wenyewe usiku wa mvua.

Lipo jambo jingine linaloufanya ukaguzi uwe wa lazima, nalo ni geni kidogo. Akiba huficha ugonjwa. Pawa saplai ya kwanza ikifa leo, hakuna atakayelalamika, kwa sababu ya pili inabeba yote. Mwezi unapita, mwaka unapita. Siku ya pili kufa, watu watasema mtambo wenye pawa saplai mbili umezimika ghafla, kumbe ulikuwa wa moja tangu mwaka jana. Kila pawa saplai ina taa ndogo: kijani ni uzima, rangi ya machungwa, nyekundu au kutowaka kabisa ni ugonjwa. Hauhitaji mhandisi kuitazama. Tunakusudia kumfundisha mlinzi na muuguzi wa zamu waitazame kila asubuhi na kutia alama kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati. Vilevile yupiesi inapolia, inalia kwa sababu. Nimekuta nyingi zimezimwa sauti kwa kuwa zilikuwa zinamsumbua mtu anayesinzia.

Joto nalo lisipuuzwe. Betri ya risasi iliyotengenezwa kudumu miaka mitatu hadi mitano hukadiriwa kwa nyuzijoto zisizozidi 25. Kila zinapopanda 10 juu ya hapo, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Sasa fikirini stoo yenye paa la bati bila dari, mwezi Januari. Tunazika betri tukiwa tumezifungia humo wenyewe. Chumba chenye matundu ya hewa, dari na kivuli cha mti kitatuokolea fedha nyingi kuliko chapa yoyote ya betri. Na kwa kuwa betri hufa hata zikitunzwa, fedha za kuzibadili lazima ziingie kwenye bajeti ya mwaka wa tatu tangu sasa, si kusubiri zife ndipo tuandike barua.

Radi niipite haraka: nyaya mbili hazizuii radi, kwa kuwa huingia kwa zote. Hiyo ni kazi ya athi iliyozikwa sawasawa na vizuia mshtuko, navyo vimo kwenye makadirio. Majengo mawili yakiunganishwa, tutatumia nyuzi za mwanga, ambazo hazipitishi umeme.

Nawajibika pia kusema mpango huu usichoweza. Tunaweza kuwa na umeme wa kumwaga na bado mtandao usiwepo, kwa sababu greda limekata waya barabarani. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima. Umeme ulikuwapo, zilizokatika ni nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zote siku moja, zote upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waliozitegemea hizo mbili waliamini kwamba wana akiba, kumbe zilipita njia moja. Ni habari ile ile ya ekstensheni, ila ndani ya bahari. Kwa hiyo vitabu vya risiti vya dharura na fomu za karatasi vitabaki kituoni, na karani atafundishwa namna ya kuzitumia na kuziingiza mfumoni baadaye.

Narudi kwa mjumbe wetu na madawati yake. Siungi mkono wanaotaka kila ofisi iwe na kila kitu viwili. Ukumbi wa mikutano hauhitaji. Chumba cha kompyuta cha shule kinaweza kusubiri umeme urudi. Mwanafunzi atasoma kitabu. Mashine za POS za kukusanyia ushuru sokoni zina betri zake na laini zake za simu, kwa hiyo zinapita bila sisi. Ofisi za watendaji wa kata zinaweza kustahimili saa mbili za giza bila mtu kuumia. Tulipopunguza hivyo orodha ya kwanza, zilibaki sehemu mbili: swichi kuu ya makao makuu, ambayo ikizimika kata zote zinazimika, na kituo cha afya. Badala ya kuweka mbili kila mahali, tutanunua swichi moja ndogo ya ziada, iliyokwisha kupangwa, ikae rafuni makao makuu. Ya kituo chochote ikifa, pikipiki inaipeleka siku hiyo hiyo. Nina hakika fedha zilizobaki katika orodha haziwezi kujenga karavati hata moja, lakini zinaweza kumwondoa mgonjwa kwenye benchi.

Kwa upande wa kata, tunaomba mambo matatu, nanyi mnayo haki ya kuyakataa. Nguvu kazi ya kuweka dari na matundu ya hewa kwenye stoo ya kituo. Ulinzi, kwa kuwa betri ya ampea-saa 100 huonekana mali nzuri kwa mwenye redio kubwa na sola ndogo. Wenyeviti wa vitongoji wananielewa. Na anayetaka kuchimba kando ya barabara kuu, iwe ni bomba la maji au msingi wa kibanda, apite kwanza kwa Mtendaji aonyeshwe waya ulipo.

Fedha zikipitishwa, ufungaji utaanza baada ya Julai, mwaka mpya wa fedha ukifunguliwa. Tarehe ya jaribio la kwanza itabandikwa kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji wiki mbili kabla. Siku hiyo umeme wa kituo utazimwa makusudi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano; jokofu la chanjo halitaguswa, na akina mama wenye miadi ya kliniki watapangiwa siku nyingine mapema. Yeyote anayependa kuja kutazama anakaribishwa, na mjumbe wa madawati namwomba awe wa kwanza. Niko tayari kwa maswali.